Njia Ndefu ya Luhaga

Kengele ya baiskeli ililia nyuma ya ua wa minyaa saa kumi na mbili jioni, saa ileile ambayo Luhaga alikuwa akipiga simu enzi za uhai wake. Kwandu alikuwa ameshika ndama ili mama yake akamue. Hakugeuka. Kengele ikalia mara ya pili, kisha akasikia sauti ya kaka yake, kavu, kama ya mtu aliyekula vumbi mchana kutwa.

"Kwandu, kesho wapi?"

Alificha uso kwenye shingo ya ndama, akanong'ona, "Kesho lizunguke tena ziwa, upande wa Bolivia. Maji yapo."

Kengele ikaitikia mara moja, halafu kimya. Nyanjige, mama yake, aliendelea kukamua.

Luhaga alikuwa na mwaka wa pili kaburini.

Alipokuwa hai alitaka kuizunguka dunia kwa baiskeli, peke yake, bila mfadhili wala mwenyeji, miaka mitano barabarani. Watu wa kijiji chao, Nkoma, walimcheka. "Utafika Lamadi, utanunua samaki, utarudi," walimwambia. Miguu alikuwa nayo, ila ramani zilimchosha. Ramani zilikuwa kazi ya Kwandu. Yeye aliacha shule darasa la tano, baba yao alipofariki na ng'ombe wakakosa mchungaji. Mgeni akimsalimia, aliijibu ardhi. Lakini kwa atlasi kuukuu aliyopewa na mwalimu, na baadaye kwa simu ya tachi aliyonunuliwa na Luhaga baada ya kuuza pamba, aliichora njia yote kwenye kaunta buku huku ng'ombe wakila. Aliandika nchi gani mvua hunyesha mwezi gani, mpaka upi unatoa viza getini na upi unataka uombe mapema, na kutoka maji hadi maji ni mwendo wa siku ngapi.

"Mimi miguu, wewe kichwa," Luhaga alikuwa akimwambia.

Aliondoka mwaka 2022, wakati pamba inavunwa. Kila jioni alipiga simu kuuliza kesho yake, na Kwandu alimsomea. Kaskazini mwa Kenya, kwenye nyika ya mawe, alimsomea kisima. Alikuwa amekitoa kwenye ramani ya zamani. Mvua zilikuwa hazijanyesha huko kwa misimu kadhaa, na kisima kilikuwa shimo tu. Wafugaji walimkuta Luhaga amelala pembeni yake siku ya tatu. Walimzika palepale, wakapiga namba ya mwisho kwenye simu yake.

Msibani watu walisema ameuawa na jua. Kwandu aliwasikia. Alikuwa bado hajamwambia mtu ni nani aliyekitia kisima kile duara kwa kalamu ya bluu.

Jioni waliyomaliza msiba, kengele ikalia kwa mara ya kwanza. "Kwandu, kesho wapi?" Alikimbilia ndani. Siku tatu hakujibu, na siku tatu kengele ililia tangu asubuhi, mpaka ng'ombe wakakataa kutoka zizini. Siku ya nne alifungua kaunta buku, akasoma kituo kilichofuata baada ya kile kisima. Kengele ikatulia.

Ndivyo Luhaga alivyoendelea na safari. Kwandu alimpandisha Ethiopia taratibu, na vita vilipozuka Sudani alimgeuzia Jibuti. Maiti haina risasi ya kuogopa, alilijua hilo, ila hakuthubutu kumkosea tena. Kila kisima alikiuliza mara mbili, mara tatu, kwa watu asiowajua kwenye mtandao. Baridi ya Mongolia alimkwepesha. Hata viza za India alizichunguza, kana kwamba kuna ofisa angemdai.

Halafu siku moja, Luhaga akiwa ameshavuka kwenda Amerika, Kwandu alifunua kurasa za mwisho akaona jambo ambalo siku zote lilikuwa pale. Mstari wake ulipita Afrika Kusini, ukapanda, ukaishia kwenye zizi lao. Kaka yake alikuwa anakuja nyumbani. Na akifika hatauliza tena kesho wapi. Atauliza habari ya kisima.

Tangu siku hiyo alimzungusha kwenye ziwa moja la milimani, kati ya Peru na Bolivia. Alishamaliza mwezi.

Jioni ile, baada ya kukamua, mama yake alifunika maziwa, akakaa juu ya kinu.

"Unamzungusha."

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto, Kwandu. Kengele hiyo naisikia tangu tulipomaliza msiba. Nilidhani nachanganyikiwa. Nikaambiwa nisali rozari. Nikasali, ikalia katikati ya rozari." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Mwezi mzima ziwa, ziwa. Ziwa hilo lina nini? Kama ni samaki, si wapo Lamadi?"

Kwandu aliangalia miguu yake.

"Kengele yenyewe imechoka," mama alisema. "Huisikii?"

Aliisikia.

Jumamosi akaja mjomba wao, Machibya, kutoka Ipililo, mzee wa maneno makali na mwendo wa pole. Aliingia, akatoa salamu, "Mwadila," akaketi, akasikiliza yote bila kushangaa. Kisha akauliza swali moja.

"Siku anaondoka, nani alimtoa?"

Kwao msafiri wa mbali hatoki hivihivi. Mkubwa wa nyumba husimama naye mlangoni mwa zizi, hujaza maji ya unga mdomoni, humpulizia, humwambia nenda. Na aliyemtoa ndiye humpokea kwa maji yaleyale.

Nyanjige aliinama. "Mimi nilikataa. Sikutaka aende. Nilijifungia ndani."

"Basi nani?"

"Mimi," Kwandu alisema.

"Sema tukusikie."

"Mimi, mjomba. Aliniomba. Alisema bila maji ya unga haendi."

Machibya alimtazama. "Msichana wa miaka kumi na tisa, mama yake yupo, mimi nipo. Mmetoa mtu kama mnavyotoa mbuzi." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana anakufuata wewe. Hana mwingine wa kumpokea. Mlete."

"Njia bado ndefu."

"Kiasi gani?"

"Nikimpitisha vizuri, miezi mitatu."

"Mpitishe vizuri. Usimkatie, alitaka dunia nzima, apewe. Ila hilo ziwa, basi."

Kesho yake Kwandu alimtoa ziwani. Alimpeleka pwani ya Brazili, akamtafutia meli ya mizigo hadi Cape Town. Kila jioni kengele ililia, naye alimsomea, na mama yake alikamua akisikiliza. Botswana ikapita. Zambia ikapita. Luhaga akaingia Tunduma, na kuanzia hapo majina yakawa kama ya watu wanaojuana: Mbeya, Singida. Kwandu alikuwa halali tena. Luhaga alipofika Shinyanga na kuuliza kesho wapi, alifungua mdomo amwambie Tabora, arudi kusini, aanze upya. Maziwa yakaacha kulia ndani ya kibuyu. Mama yake hakugeuka, ila mikono yake ilikuwa imesimama.

"Maswa," Kwandu alisema.

Keshokutwa yake Machibya alikuwa zizini tangu alasiri. Mama alikoroga unga wa mtama, akampa Kwandu kata mikononi. Ng'ombe walikuwa wanarudi kwa vumbi lao. Kengele ikalia, na safari hii haikulia nyuma ya ua, ilitokea njiani, katikati ya kundi. Ng'ombe walisimama. Kisha wakasogea, hawa kushoto, hawa kulia, wakaacha nafasi ya kutosha mtu anayekokota baiskeli yenye mzigo. Ndama wa Kwandu alitazama ile nafasi, akapandisha masikio.

Hakuna aliyeuliza kesho wapi.

"Mpokee," Machibya alisema.

Kwandu alijaza maji ya unga mdomoni. Alikuwa anatakiwa kuyapuliza tu, basi, Luhaga angeingia, na jambo lile lingebaki bila kusemwa milele. Ilikuwa rahisi. Akayameza.

"Ameyameza!" Machibya alifoka. "Huyu mtoto ana nini?"

"Kisima niliandika mimi," Kwandu alisema, macho chini. "Ramani ilikuwa ya zamani. Nilijua ni ya zamani. Nilichoka kuuliza siku ile, nikaandika tu kwamba maji yapo."

Upepo uliondoa vumbi pale katikati ya ng'ombe, na hapakuwa na kitu. Lakini ng'ombe hawakuziba ile nafasi. Nyanjige alikuja mpaka mbele ya binti yake. Kwandu alisubiri kofi. Mama alisimama, akipumua kama mtu aliyepanda mlima, akaitazama nafasi ile muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

"Umesema chinichini, kama kawaida yako," alisema. "Inua uso. Sema tena, kwa nguvu. Asikie."

Kwandu akainua uso, akasema.