Kulabu ya Kumbebea Lugembe

Kulabu tatu za chuma zilikuwa juu ya mkeka, na moja kati ya hizo ndiyo ingembeba mume wa Nyamizi kesho asubuhi, juu kabisa ya mti wa mninga.

Mumewe, Lugembe, alikuwa mrina asali tangu ujana. Katika misitu ya nyuma ya Kwihara alikwea miti kwa kamba ya gome, akiizungusha kwenye shina na kiunoni, kisha akipiga fundo. Tabu ilikuwa penye tawi. Hapo lazima afungue fundo, aivushe kamba, afunge tena, huku mkono mmoja umekumbatia mti. Mwaka uliopita alifungua, akaanguka juu ya kichuguu, akateguka nyonga. Kijiji kizima cha ujamaa kilikuja kumpa pole, isipokuwa mkewe, aliyeuliza kama kichuguu nacho kimeumia. Kisha akampikia uji miezi miwili.

Sasa mizinga ya nyuki ilitakiwa kutundikwa kabla miti ya miyombo haijachanua. Bwana Nyuki, yaani afisa wa ufugaji nyuki, kijana mmoja aitwaye Hilari, alileta kutoka Tabora mshipi na hizo kulabu zenye vimlango vya kuziba mdomo, ili mpandaji afungue na kufunga bila fundo. Akasema wachague moja. Stoo ya kijiji ilikuwa mikononi mwa Nyamizi, mama yake Tekla, aliyesoma hadi darasa la nne, na hakuna kilichotoka mle bila yeye kukigeuza mara mbili.

"Mama Tekla, chukua hiyo kubwa inayong'aa," alisema Wenceslaus, mwenyekiti wa kijiji. "Hata wageni wa wilaya wakija, itapendeza."

"Ndugu Mwenyekiti, mume wangu anapanda mti au anakwenda harusini?"

Akapitisha kamba kwenye ile kubwa, akaigandamiza kwenye nguzo ya stoo kama shina litakavyoigandamiza. Kimlango kikafunguka chenyewe, kamba ikachomoka.

"Mwenye hii kashafika kwenye kichuguu," alisema, akaitupa pembeni.

Ya pili ilikuwa na pete ya kukaza kimlango, lakini alipoiinua juani aliona mwanga ukipenya pale kimlango kilipotakiwa kukutana na chuma. Nayo ikaenda pembeni. Ya tatu ilikuwa ndogo, imefifia, haina sura. Kimlango kilijirudi chenyewe, pete ikakaza mpaka mwisho. Nyamizi aliisugua kwenye nguzo mpaka mkono ukauma. Pete haikulegea.

"Sasa tuitundikie gunia la mahindi," alisema Hilari.

"Gunia halifurukuti, mwanangu. Nataka kitu kinachofurukuta."

Watu wakamtazama Mwenyekiti, ambaye alikuwa na mwili wake, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amehutubia juu ya kujitolea. Wakamvisha mshipi, wakamning'iniza kwenye boriti.

"Furukuta, Ndugu."

"Nimeshafurukuta."

"Hapo unafunga mkutano. Furukuta kama nyuki ameingia kwenye suruali."

Mwenyekiti akapiga mateke hadi kiatu kikamtoka. Kulabu haikutikisika.

Kesho yake, chini ya mninga, Nyamizi aliiona kulabu kiunoni mwa mumewe ina umanjano. Akaizungusha pete. Ikaenda nusu, ikagoma.

"Umeipaka nta."

"Kila changu nakipaka nta," alisema Lugembe. "Babu alipaka kamba zake nta, akafungia pembe za ndovu, akazibeba mpaka pwani. Hazikuanguka."

"Pembe ikianguka haipikiwi uji."

"Mama Tekla, imefunga nusu, yatosha. Watu wananingoja."

Nyamizi akaichomoa kwenye mshipi, akaiweka chini, akaikalia.

"Waambie mti hauhami," alisema.

Ikabidi watu wakoke moto. Kulabu ikachemshwa kwenye sufuria, nta ikaelea juu, wakaimwaga. Nyamizi akaipangusa kwa kitambaa mpaka ndani ya kimlango. Kisha akamwamuru mumewe aifunge na kuikaza mara tatu akiwa amefumba macho, maana kule juu macho yatakuwa kwenye tawi. Lugembe alinung'unika, lakini akafanya, na kila mara pete ilifika mwisho.

Akapanda. Tawi la kwanza alilivuka vizuri. Kwenye la pili gome lilibanduka chini ya mguu wake, miguu yote miwili ikabaki hewani. Nyamizi alikuwa akitafuna karanga, akaacha kutafuna.

Kamba ilikaza, mshipi ukalia, na Lugembe akaning'inia palepale. Akapapasa kwa mguu, akapata pa kukanyaga. Akavusha kamba, akafunga, akakaza pete bila kuitazama. Muda si muda mzinga ulivutwa juu, ukafungwa kwenye tawi.

"Mama Tekla," sauti ikatoka kwenye majani.

"Sema."

"Kichuguu hapo chini hakijaumia?"

"Kizima. Kinakusalimia."

Nyamizi akaendelea na karanga zake. Jioni ile aliitundika kulabu kwenye msumari wake stoo, akaifungia nta yote ya Lugembe ndani ya sanduku, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.