Uwanja wa Baba Juu ya Mlango wa Kabati

Siku baba alipogonga benchi la kinyozi kwa gari, kinyozi alikuwa kazini. Hakuna aliyeumia, ila mteja mmoja alikwenda zake akiwa amenyolewa upande mmoja, na mpaka leo hajarudi. Baba akashuka, akalizunguka gari lake, akasema benchi limesogezwa. Kinyozi hakubishana naye, kwa sababu baba haambiliki. Alinifuata mimi. "Dada, mzee haoni. Mchukulieni funguo kabla hajatuulia mtu."

Kana kwamba mimi sijui! Daktari wa macho alishasema, na mimi nimesema mpaka mdomo umekauka. Baba anajibu kwamba daktari yule ni mtoto mdogo. Funguo mchana anatembea nazo mfukoni, usiku anazilalia. Na kila alasiri lazima atoke, saa zile zile watoto wa shule wanaporudi makwao. Nyumba yetu na yake zinatenganishwa na ukuta tu, kwa hiyo nalisikia gari likiwaka, kisha nasimama jikoni roho mkononi mpaka lirudi.

Mume wangu ni fundi saa, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Yeye ndiye aliyekuja na wazo. "Tumtengenezee gari dogo," akasema. "Liwe limeegeshwa kwenye uwanja mdogo kama wake, likae mezani alione. Labda roho itatulia aliache lile kubwa."

Nikamwambia baba yangu si mtoto wa kuhongwa mdoli. Lakini njia nyingine sikuwa nayo, basi nikamwacha aanze.

Kigari chenyewe hakikumsumbua mume wangu. Alikinunua kikiwa vipande, akakiunganisha, akakipaka rangi ya maziwa kama la baba. Kazi ilikuwa uwanja. Mlango wa kabati bovu ukawa ardhi. Msasa ukawa barabara ya lami. Majani ya chai iliyokwisha kunywewa aliyaanika dirishani, yakawa udongo chini ya michongoma, na michongoma yenyewe ilikuwa sponji yangu ya kuoshea vyombo, imekatwakatwa na kupakwa kijani. Hilo la sponji sikuambiwa. Kifuniko cha dawa ya meno kikawa pipa la maji.

Baba alipoletewa aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa paa la kigari. Akaguna.

"Nyinyi mnanizunguka," akasema. "Haya, tupatane. Siku hiki kitu kitakapofanana na uwanja wangu kabisa, nawapa funguo. Kabisa, lakini."

Nikadhani tumeshinda. Mjinga mimi!

"Pipa langu lina kutu upande wa jua," akasema. Fundi akapaka kutu. Mara ukuta una ufa unaoanzia dirishani. Ufa ukachorwa. Mara pale anapoegesha pana doa la oili. Doa likatiwa. "Si hapo, mkwe wangu. Rudi nyuma kidogo." Doa likarudi nyuma kidogo, na gari la kweli likaendelea kutoka kila alasiri.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mume wangu alikuwa anafurahi. Nakwambia ukweli, alikuwa anapiga mluzi! "Baba yako ana kumbukumbu ya ajabu," akaniambia. "Kila anachokitaja, nikienda kukiangalia nakikuta." Yaani nimeolewa na mtu aliyekuwa anapima ufa kwa rula huku mzee anarudisha gari nyuma yake.

"Hivi wewe uko upande gani?" nikamuuliza.

"Wa jikoni," akasema. Alikuwa anabandika ukuta wa upande huo.

Mwishowe nikachoka. Jumapili moja nikamwambia, leo tunakwenda, na leo ndiyo mwisho. Akaubeba ubao kama mtu aliyebeba mgonjwa, akauweka kwenye meza ya baba. Mimi nikasimama kwenye kona karibu na kabati, mikono kifuani, tayari kwa ugomvi.

Baba aliinama. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Doa sawa," akasema. "Ufa sawa. Na geti, mkwe wangu, geti umelipatia. Hata ile nondo iliyopinda."

Geti halikuwepo. Mume wangu alikuwa amelibandua asubuhi ile kwa sababu lilikaa mshazari, akaliacha nyumbani gundi ikauke. Mahali pake palikuwa na uwazi mtupu.

Nikafungua mdomo. Kwa muda wote ule nilikuwa natafuta neno la kumshinda baba, na sasa ninalo. Mume wangu akanitazama. Nikaufunga.

Lakini tulikaa kimya kupita kiasi, na masikio ya baba hayana tatizo lolote. Akapeleka kidole kwenye ukuta, akaufuata taratibu mpaka mwisho wake. Kidole kikapita kwenye uwazi, kikatokea barabarani, kwenye msasa. Akakirudisha. Akakipitisha tena.

"Liko nyumbani, baba," mume wangu akasema. "Linakauka."

"Aa," baba akasema. "Linakauka."

Akavuta kiti, akaketi. Akajipangusa vumbi la msasa kwenye suruali, akakaa akisugua kidole kile kile. Nikamwonea huruma, mimi niliyekuja na ugomvi wangu.

"Hata lile la nje," akasema, "siku hizi nalipita kwa kukisia."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akazinyoosha kuelekea mlangoni, ambako hakukuwa na mtu.

"Mkono wako uko wapi, mwanangu?"

Nikazunguka meza, nikampelekea.