Ngumi ya Mjomba Sapari

...na sasa anasema tena funga ngumi, Profesa Koh, anamwambia mtu aliyekatwa mkono afunge ngumi, kwa sauti ile ile anayomwitia mhudumu wa kantini, na mstari kwenye skrini unaruka, na wageni watatu wanaguna kwa pamoja kama kwaya, yule wa tai anapiga picha skrini ya presha, si hiyo, bwana mkubwa, ni ya pili... "Unaona, Jeya?" ananiuliza Profesa, naona, nimefanya nini kingine miaka ishirini, Osaka, Lausanne, hadi kurudi hapa Singapore, nimekodolea macho mistari nikavuna kipara na mifuko ya makongamano, na hii elektrodi, kinasa ishara za neva, laini kama utando wa chai ya maziwa iliyopoa, inayoikumbatia neva bila kuichubua, Profesa anaiita yake, hajawahi kuigusa, angeigusa angeipasua... funga, mstari juu, fungua, mstari chini, anajipongeza kwa kuinua kidevu, lakini mbona safi hivi, neva hunong'ona, haipigi kelele namna hii... halafu naliona shati, bega la mjomba Sapari, kila akiambiwa funga linapanda kidogo, kama la mtu anayejizuia kucheka, ni msuli huo, msuli wa bega tu, na mle ndani neva iko kimya, na hawa wasomi wote hawana jicho la kutazama shati... asubuhi kwenye kahawa aliniambia, mwendesha kreni mzima wa bandarini, "Jeya, nyumbani nimeshawaambia, leo nikifaulu, Alhamisi napasuliwa, nawekewa elektrodi ya kudumu," apasuliwe bure, ashonwe bure, kwa ajili ya bega... na nani alimfundisha, wiki jana mstari ulipolala kama maiti na mimi nikaona aibu kwa ajili ya kautando kangu, nani alisema jitahidi, mjomba, sukuma kidogo, kwa nguvu zako zote, nani kama si mimi, nimesimama hapa nawadharau watu wanne kumbe mjinga wa tano ndiye aliyeanza... "Funga ngumi," na mstari unaruka, na Sapari hatazami skrini, ananitazama mimi, kama mtoto anayesubiri kuambiwa amepata ngapi, na najua nitauweka mkono wangu huu mzima begani pake, nilishike bega litulie, mbele ya wageni, mbele ya kidevu kile, na nitasema taratibu, haya, mjomba, sasa funga...