Matundu ya Misumari

Simu ililia mchana, bibi akaiwahi kabla yangu. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo akizungumza kwa simu hupiga kelele kama anamwita mtu aliye upande wa pili wa mlima.

"Kutafuta nini? ... Risasi? ... Kwenye nyumba yangu?"

Akasikiliza. Kisha akasema, "Haya, Aziz," akaiweka simu, akakaa bila ya kuegemea kiti.

Aziz ni mwanawe wa mwisho, ami yangu. Nyumba yenyewe ni ile ya Wadi Kabir, hapa Maskati, tuliyokaa zamani, kabla ya mwaka 1999 tulipohamia Mawaleh kwa Ami Aziz. Tangu hapo ilikuwa ikipangishwa. Sasa wapangaji walikuwa wametoka, na kampuni moja ya Rusayl ilikuwa inaitaka kwa ajili ya injinia wake mwenye mtoto mdogo.

"Nunu," bibi akaniita. "Jumamosi anakuja mtu kutafuta risasi mle ndani. Kwenye kuta, milango, madirisha, kote. Ikionekana, kampuni haiichukui nyumba. Na Aziz anasema hao wakiikataa, anaiuza. Kachoka nayo, na mie kila siku namwambia asiiuze."

"Risasi za nini, bibi?"

"Ningelijua si ningelikwambia?"

Mimi nilijua risasi ya bunduki tu. Nilimwona anavuta vuta ncha ya mtandio wake, nikarudi kwenye mchele.

Jumatano Ami Aziz alitushusha Wadi Kabir akielekea kazini. Alidhani tunakwenda kufagia, na kweli fagio nilikuwa nalo. Bibi alifungua mlango mwenyewe. Ule mlango ulikuwa lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunguo uzunguke, na mkono wake haukusahau.

Ndani mlikuwa na harufu ya vumbi na ya watu wengine. Lakini nilipoingia ukumbini nilihisi kama nimechelewa kurudi kutoka dukani na nitagombwa. Hapa ndipo nilipokulia baada ya mama kufariki. Hapa marehemu babu Muhanna alikuwa akikaa chini ya dirisha, redio mapajani, mashine ya baridi ikinguruma juu ya kichwa chake mpaka habari zote azisikie nusu nusu, halafu atusimulie hiyo nusu kama ndiyo habari kamili. Milango na madirisha ilikuwa bado ya kijani. Babu alikuwa fundi rangi bandarini Matrah, na kijani kile kilikuwa rangi ya meli. "Bahari haiiwezi rangi hii," alikuwa akisema, "sembuse jua la Maskati."

"Acha fagio," bibi akasema. "Tafuta matundu."

"Matundu gani?"

"Ya ukutani. Yote. Mtu akitaka kuona tundu la risasi, ataliona hata kwenye tundu la msumari."

Basi tukatafuta. Sikuwahi kujua kuwa ukuta unaweza kuwa na misumari mingi hivyo. Tundu la saa. Tundu la kalenda ya benki, ambayo babu aliipachika upya kila mwaka pembeni kidogo ya mahali pa mwaka uliopita, mpaka likawa safu kama ya sisimizi. Manne ya chandarua. Mawili makubwa ya kamba ya pazia tuliyofunga siku ya harusi ya shangazi Sabah, wanawake wakae upande huu na vyombo vya chakula upande ule, na kamba ikakatika pazia likamwangukia mama wa bwana harusi na sahani yake ya biriani mkononi.

"Alicheka huyo?" niliuliza, maana nilikuwa mdogo.

"Acheke! Mpaka leo akinisalimu anaangalia juu kwanza."

Bibi alicheka, halafu akachovya kidole kwenye saruji nyeupe tuliyoikoroga ndani ya bakuli, akaziba tundu la kamba. Kila tundu alilitaja kabla ya kuliziba. Lile la ndoana ya kanzu za babu alilipita mara mbili, kisha akalirudia.

Tulipomaliza, tukasimama mlangoni kuangalia. Ukuta wa ukumbi ulikuwa umejaa mabaka meupe, kama mtu aliyeugua ndui.

"Tumeharibu," nikasema.

"Bado." Akaenda stoo, akarudi anakokota kopo la rangi la babu ambalo hakuna mpangaji aliyethubutu kulitupa. Tulilifungua kwa kisu. Juu palikuwa na ngozi nene, lakini chini yake kijani kilikuwa bado kibichi, kinang'aa. Tuliupaka ukuta ule wote, kutoka chini mpaka mkono wangu ulipofika nikiwa juu ya ndoo. Harufu ilipopanda, ile aliyokuwa akija nayo babu, bibi alifumba macho.

"Anarudi kutoka kazini," alisema. Hakuwa akisema na mimi.

Jumamosi mkaguzi alikuja pamoja na Ami Aziz. Jina lake Mutasim, kijana mwenye kofia iliyopigwa pasi, ambaye wazee wake walirudi Omani kutoka Bujumbura. Alimwamkia bibi kwa Kiswahili.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kucheki cheki kidogo tu."

"Marahaba. Cheki, baba. Kiswahili chako kina mawe, lakini karibu."

Mimi nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, mahali nilipoweza kuona bila ya kuulizwa kitu. Mutasim alikwaruza ukuta wa chumbani kwa kijisu, akapitisha kijiti chenye pamba. Pamba ikabaki nyeupe. "Chokaa tupu. Safi." Akaenda kwenye mlango, akakwaruza kile kijani cha babu, akapitisha kijiti kingine. Pamba ikageuka nyekundu.

Bibi akashika ukuta.

Madirisha, nyekundu. Mlango wa nyuma, nyekundu. Kisha akafika kwenye ukuta wetu wa ukumbini, akaugusa kwa kidole, akanusa.

"Huu umepakwa wiki hii."

"Haiwezekani," Ami Aziz akasema. "Nyumba ilikuwa tupu."

Mutasim akapitisha kijiti. Kikawa chekundu kuliko vyote.

"Nani kapaka?" Ami Aziz akapandisha sauti. "Ukuta ulikuwa mzima! Nani kapaka hapa?"

"Mie," bibi akasema. "Nimeziba matundu."

"Matundu gani tena, mama?"

"Ya misumari. Umesema anakuja mtu kutafuta risasi. Nkaona asije akatia kidole kwenye tundu la msumari akasema hapa pamepigwa bunduki."

Mutasim alianza kucheka, akamtazama bibi, akaacha. Akaivua kofia yake na kuishika mkononi.

"Bi Mkubwa, risasi ninayoitafuta mimi si ya bunduki. Ni madini. Zamani walikuwa wanayatia kwenye rangi ili idumu. Rangi ikibanduka, mtoto akila vumbi lake, linamdhuru akili."

"Risasi ya rangi?"

"Ndiyo."

"Na nyie mliosoma hamkupata jina jengine la kuiita? Semeni basi kwa Kiarabu."

"Kwa Kiarabu ni rasas, Bi Mkubwa."

"Si ndo hilo hilo!"

Safari hii Mutasim alicheka kweli, na mimi nikacheka nyuma ya mlango. Ami Aziz hakucheka. "Mama, nani angekuja kutafuta bunduki nyumbani kwako? Maskati hii?"

"Kule kwetu nako nlisema hivyo hivyo," bibi akajibu.

Akakaa juu ya ndoo, ile niliyosimamia wakati wa kupaka. Alisimulia kwa maneno machache, kama mtu anayesoma bei. Mwaka wa mapinduzi, Unguja, waliingia watu nyumbani kwao kutafuta risasi. Hawakuiona hata moja. Ila saa ya ukutani ilikuwa imepelekwa kwa fundi, na mahali pake palikuwa na tundu la msumari. Mmoja wao akatia kidole ndani, akasema hapa pamepigwa bunduki. Wakamchukua kaka yake, Awadh. Hakurudi.

"Wewe ulikuwa unanyonya," alimwambia Ami Aziz. "Toka siku hiyo nikawa nalala nasikiliza mlango. Dar es Salaam nasikiliza mlango. Kwenye meli nasikiliza mlango, na meli haina mlango wa njiani. Mpaka tulipoingia hapa. Baba yako kapaka kile kijani, kafunga, kasema lala. Nkalala. Ndo maana nakwambia usiiuze. Sikukwambia kwa nini kwa sababu hukuuliza."

Ami Aziz aliangalia ukuta. Nilidhani atatoka nje, maana ndivyo afanyavyo akishindwa na neno. Badala yake alimgeukia Mutasim.

"Nyumba imefeli?"

"Mbao zimefeli, na ukuta huu. Kuta nyingine ni nzima. Mking'oa milango na madirisha, na ukuta mkauparua ukiwa umelowa ili vumbi lisiruke, nitarudi kupima tena. Lakini kijani chote kitoke. Hakibaki hata kidogo."

Ami Aziz alichutama mbele ya ndoo. "Umesikia, mama? Nikiitengeneza, kijani cha baba kinakwisha. Nisipoitengeneza, hakuna mwenye mtoto atakayeichukua. Sema wewe. Kuuza siuzi."

Bibi aliugeukia mlango wa mbele uliokuwa karibu yake. Alinyoosha mkono akaupapasa, juu chini, kama mtu anavyompapasa ng'ombe.

"Mtoto wao mkubwa kiasi gani?" akauliza.

"Anaanza kutembea," Mutasim akasema.

"Atatia kila kitu mdomoni huyo." Akaondoa mkono wake. "Ng'oeni."

Nyumba ilipita ukaguzi baadaye, na yule injinia na mkewe walihamia kabla ya Ramadhani. Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni siku ya kung'oa. Mafundi walitoka mtaa wa Ghala na gari ya wazi, wakafungua bawaba moja moja, wakaitoa milango na madirisha na kuifunika turubali. Nyumba ikabaki na matundu makubwa kila upande. Upepo wa mlimani ukaingia kwa mbele ukatokea jikoni, na mtu yeyote aliyepita njiani aliweza kutuona mpaka ndani.

Nilikwenda kumpelekea bibi chai. Nilimkuta chumbani, amejilaza juu ya mkeka katikati ya sakafu, kiatu kimoja mguuni, kimoja kimemtoka, amelala usingizi mzito wa mchana, anakoroma. Ami Aziz alikuwa amesimama pale palipokuwa na mlango. Fundi mmoja alipiga nyundo huko nje, na Ami Aziz akatoka upesi kumwambia asubiri.