Mmbea

Kaka yangu alikuwa seremala, na maneno yaliyommaliza ni mawili: "kimoja tu."

Karakana yake ilishikana na jiko langu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba nikikaanga vitunguu anapiga chafya, naye akikata mbao sufuria zangu zinatetemeka. Mashine ya kufyonza vumbi alikuwa nayo, tena nzuri, yenye bomba nene kama paja. Ila swichi yake ilikuwa kona ya mbali, nyuma ya rundo la mbao. Ili kuiwasha ilibidi azunguke meza ya msumeno, aruke mbao, ainame. Kama kazi ilikuwa ndefu, aliiwasha. Lakini seremala hakati mara moja akamaliza. Anakata kipande, anapima, anakuna kichwa, anakata tena. Nikigonga ukuta kumkumbusha mashine, anajibu kwa sauti, "Kimoja tu, mdogo wangu!"

Kimoja tu cha asubuhi, kimoja tu kabla ya chai, kimoja tu cha kumridhisha mteja aliyesimama mlangoni. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa kifua chake.

Daktari alituonyesha picha ya mapafu. Alisema yamekakamaa, kilichoharibika hakirudi, na vumbi lolote jipya litakula kile kidogo kilichobaki. "Aache kazi," akasema. Kaka akavaa shati lake polepole, akapumzika kati ya kifungo na kifungo. Nje akaniambia, "Huyo daktari angeambiwa aache udaktari, angekula nini? Picha?"

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya hospitali nikalia.

Kulala kukamshinda. Akilaza mgongo anakabwa, anaamka akihema kama aliyetolewa majini. Tulimwegemeza kwa mito, mito ikateleza. Ndipo akasema atajitengenezea kiti kirefu cha kuegemea, chenye mgongo ulioinama kidogo na mikono mipana ya kupumzishia viwiko, apate kulala akiwa amekaa.

"Tumwambie fundi mwingine akitengeneze," nikamsihi.

"Mimi nilalie kazi ya mtu mwingine? Si bora nife nimesimama."

Nikamwita shemeji yake, ndugu wa marehemu mkewe, ambaye ni fundi umeme. Wale wawili hawakuwahi kusalimiana bila kutaniana.

"Shemeji, nasikia umekuwa ghala la vumbi," akasema alipoingia.

"Afadhali ghala la vumbi kuliko ghala la maneno. Umeleta nini?"

Alikuwa ameleta kisanduku kidogo chenye pete. Waya wa soketi ya msumeno aliupitisha ndani ya ile pete, na waya mwingine akauvuta hadi kwenye mashine ya vumbi. Alinieleza kwa maneno mepesi: umeme ukipita kwenda kwenye msumeno, pete inauhisi, na kisanduku kinaiwasha mashine. Msumeno ukizimwa, mashine inaendelea kuvuta kwa muda kidogo, isafishe bomba, kisha inajizima. Hakuna kuzunguka meza, hakuna kuinama.

Kaka akawasha msumeno. Mashine ikaitikia nyuma yake, vuuuu, naye akashtuka kama aliyeshikwa bega.

"Huyu ni mmbea!" akasema. "Nikigusa kitu tu, anatangaza mtaa mzima."

Jina likabaki hilo. Mmbea alinguruma hadi jikoni kwangu, nami nikampenda kuliko watu wengi niliowajua. Nikimsikia, nilijua kaka anakata na vumbi linavutwa. Akinyamaza, nilijua amepumzika.

Haikupita wiki nikasikia msumeno unalia peke yake. Nikakimbilia karakana. Alikuwa ameuchomeka kwenye soketi ya dirishani, ambayo Mmbea hakuijua. Vumbi lilikuwa limemfunika hadi kope.

"Kaka!"

"Kimoja..." Kikohozi kikalimeza neno la pili. Alipopata pumzi akasema mashine inamzibia masikio, naye hukata kwa kusikiliza. Mbao ikibadilisha sauti anajua pana fundo.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia, nami nikijua nimesema neno baya. Nikapiga magoti nikamshika miguu. "Nina nani mwingine? Niambie. Nina nani?"

Akanipangusa machozi kwa mkono wenye vumbi, akanichafua uso mzima. "Basi. Msumeno hautalia tena bila Mmbea. Nakuahidi."

Shemeji akaja akaifunga kabisa soketi ya dirishani. Na kaka yangu, niseme ukweli, aliitimiza ahadi yake neno kwa neno. Alimalizia kukata vipande vyote vya kiti Mmbea akinguruma. Akaviunga. Kiti kikasimama, kikubwa, chekundu, kizito. Akasema kilichobaki ni kidogo tu, wala hakihitaji msumeno.

Alasiri moja nilikuwa nachambua mboga. Palikuwa kimya. Nilimshukuru Mungu kwa ule ukimya. Nikajisemea, leo amepumzika. Nikapunguza hata moto, sufuria isije ikachemka kwa kelele ikamwamsha.

Nilipomaliza nikampelekea chai.

Alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, kichwa amekilaza juu ya mkono wa kiti, kama mtoto aliyesinzia mapajani mwa mama. Mkononi alikuwa na kipande cha msasa. Alikuwa anasugua kwa mkono. Msasa hauchomekwi popote, hauna waya, na Mmbea hakuwa na habari. Vumbi lake ni laini kama unga, jepesi, na lilikuwa bado linaelea kwenye mwanga wa mlangoni. Niliita. Nilimtikisa. Nikakimbia kuwasha msumeno mtupu, kwa nguvu zangu zote, ili Mmbea avute, avute lile vumbi, amrudishie hewa. Mashine ikanguruma. Vumbi likasogea likaingia bombani. Yeye hakusogea.

Majirani walinikuta hapo, mkono wangu ukiwa juu ya swichi. Waliniondoa. Mtu akazima msumeno, na Mmbea akaendelea kuvuta peke yake kwa muda, kama alivyofundishwa, kisha akanyamaza.

Baada ya mazishi shemeji alikuja kufungua nyaya zake. Safari hii hakuwa na utani. Akakitazama kiti, akapitisha kiganja kwenye mikono miwili ya kiti. Wa kushoto ulikuwa laini. Wa kulia ulikuwa laini hadi katikati, kisha ukaanza kukwaruza.

"Nikumalizie, dada? Ni kazi ndogo."

"Acha," nikamwambia.

Nimekihamishia jikoni. Ninaandika haya nikiwa nimekikalia, na ni kweli, mtu anaweza kulala humo akapumua vizuri. Mkono wangu wa kulia ukiteleza kwenye mbao unafika mahali unakwama. Hapo ndipo alipofika.