Makopa Juu ya Lami ya Monika

Lami ya Monika haikung'aa, na hilo ndilo lililomtia mama yake aibu mtaani Misunkumilo.

Monika alikuwa fundi wa maabara ya barabara mjini Mpanda. Kabla barabara ndefu haijaanza kujengwa, vilitandazwa vipande viwili vya majaribio. Cha mwenzake Gaspar kilikuwa na lami nyingi, cheusi, kinang'aa kama kiatu cha Jumapili. Cha Monika kilikuwa na kokoto nyingi na lami ya kuzishika tu. Malori yapite, jua la Oktoba liwake. Kitakachovumilia ndicho kitakachoigwa katika kujenga barabara yote mpaka Karema.

Watu wangesubiri? Thubutu! "Ya Gaspar ndiyo lami. Hii ya Monika wameila," walisema, tena nje ya kanisa, mama yake akisikia.

"Mwanangu, hata lami unabania?" mama yake, Josefina, alimuuliza jikoni.

"Mama, ikizidi inayeyuka juani. Subiri Oktoba."

"Nisubiri vipi na watu wananicheka?"

Kesho yake mama huyo akabeba makopa yake, mihogo aliyoimenya ikauke, akakipita kipande cha binti yake bila kukitazama, akaanika ukingoni mwa kile cha Gaspar. Kuanzia hapo ikawa ndiyo zake. Kazi ya Monika ilikuwa kuwafukuza waanikaji, lakini mama yake alimwacha aanike. Ilimuuma, jamani. Maneno ya watu angeyameza; ya mama, hapana.

Oktoba ikaja, na joto la Mpanda halina adabu. Lami ya Gaspar ikalainika, malori yakaichimba mifereji. Monika alikuwa ameinama akiipima mifereji hiyo mama yake alipokuja kugeuza makopa. Yakamgomea. Akabandua moja: juu jeupe pee, chini jeusi tii.

"Mungu wangu, chakula changu!"

Josefina akakusanya yaliyosalimika, akaenda kwenye kipande cha binti yake, akakikandamiza kwa kiganja. Akakitazama kiganja. Kisafi. Akayamwaga makopa hapo, kisha akawaita majirani kwa sauti, mtaa mzima usikie:

"Mama Cletus! Nyie wote! Leteni hapa kwa mwanangu, hapa hapanati!"

"Mama, hairuhusiwi kuanika barabarani," Monika alisema, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

"Nyamaza, nisaidie kutandaza."

Monika akapiga magoti, akatandaza.