Mkono Uliogoma Kuugua

Kinyozi akianza kuogopa mkono wake mwenyewe, heri afunge duka akalime mihogo. Emile hakufunga. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika kwenye kibanda chake cha Kawempe, aliichukua mashine ya kunyolea, ile ya chuma inayobanwa kwa vidole, akaibana hewani mpaka jasho likamtoka. Alikuwa akipima nguvu. Ikibanika alimshukuru Mungu, halafu shaka ikamrudia, akapima tena. Mchana alipima kwa kukamua taulo, jioni kwa kuning'inia kwenye boriti kama popo. Na mkono ulimuuma. Uliuma kuanzia shina la kidole gumba hadi begani, na chini ya ngozi nyama ilichezacheza yenyewe hata akiwa amekaa kitako.

Ugonjwa aliouogopa aliujua kwa jina la mtu: Valère.

Walivuka mpaka pamoja kutoka Kongo, wakafungua kibanda pamoja, watu wakawaita ndugu, nao wakaacha waitwe hivyo. Kisha vidole vya Valère vikaanza kuangusha vitu: kichana, brashi, kikombe cha chai. Kiganja kikakonda, pakabaki shimo palipokuwa na nyama. Daktari mmoja alimwambia ni mishipa ya fahamu inayokufa, kwamba itaanza mkono, itakuja miguu, itamalizia ulimi, na dawa hakuna. Valère alimweleza Emile peke yake, akamwomba asimwambie mtu, hata Bibiane mkewe, mpaka atakapopata moyo wa kumwambia mwenyewe. Emile akakubali. Lakini tuseme ukweli, hakuificha siri kwa ajili ya Valère tu. Nani angekuja kunyolewa penye ugonjwa?

Mficha maradhi kilio humuumbua. Siku moja aliingia mwanajeshi, mtu wa cheo mwenye miwani myeusi, akakaa kwenye kiti cha Valère. Wembe ukateleza. Ulikuwa mkato mdogo tu wa sikio, ila enzi zile za utawala wa wanajeshi hapakuwa na damu ndogo ya mwanajeshi. Akasimama, taulo shingoni, akamgeukia Emile na kumuuliza kwa sauti ya chini:

"Huyu iko na nini?"

Emile alikuwa na nafasi ya kusema kwamba ni mgonjwa. Akauona mlango wa kibanda ukipigwa kufuli, akawaona wateja wakitawanyika. Akafikiri moyoni kwamba mlevi huzabwa makofi, akaachwa aende zake.

"Amelewa, afande."

Valère alimtazama tu, hakubisha. Mwanajeshi akawaita askari wake waliokuwa nje, wakamtia kwenye buti la gari, na tangu siku hiyo hakuonekana.

Yaliyomchoma Emile zaidi yalitokea Kyebando, nyumbani kwa Bibiane. Zamani Valère alikuwa mlevi kweli, kisha akasimama kanisani mbele ya watu akaapa kwamba pombe basi, na kwa miaka mingi hakuigusa. Habari kwamba amekamatwa akiwa amelewa ilienea kabla jua halijatua. Kanisani wakalifuta jina lake. Baadaye askari jela mmoja alileta neno kimyakimya kwamba Valère amekufa, wasimngoje tena, na Bibiane akakataa kunyolewa nywele kama wanavyonyolewa wajane wa kwao. Alisema hawezi kumlilia mtu aliyeuza kiapo chake kwa chupa. Watu wakamsema, naye akasuka nywele zake vizuri, akaenda soko la Nakivubo kuuza samaki wakavu. Emile alifika kumpa pole, akanywa chai yake, akanyamaza.

Ndiyo maana mkono ulipoanza kuuma hakushangaa. Aliogopa mpaka usingizi ukamkimbia, lakini chini ya woga ule palikuwa na jambo aliloona aibu hata kuliwaza: aliona ni haki yake.

Kaltumi, mama wa Kinubi aliyeuza chai kibanda cha jirani, ndiye aliyechoka kumwona akining'inia, akamsukuma aende hospitali. Emile akabeba mfuko wake wa kazi begani, maana siku hizo ukiacha wembe kibandani huukuti, akaenda. Dakta Erinayo, mzee wa miwani minene, alimgonga magoti, akamvuta vidole, akamuuliza mkono huo huufanyia nini kutwa. Emile akamweleza habari za kupima. Daktari alicheka, kisha akamwona uso, akaacha kucheka.

"Mkono yako iko na nguvu mingi. Inauma sababu unaitesa. Ile ugonjwa unaogopa haianzi na maumivu. Mkono inakonda, vitu inaanguka. Wewe, kitu gani imeanguka?"

Hakuna. Hata kichana hakikuwahi kumponyoka. Na ile nyama inayocheza, daktari alisema, ni uchovu na mawazo tu, alale na aache kupima.

Mtu mwingine angetoka akipiga vigelegele. Emile alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia. Alikuwa mzima, na uzima ule ulimlemea kuliko ugonjwa, kwa sababu sasa alielewa kwamba hakuna aliyekuwa akimwadhibu. Mkono hautamsemea. Lililobaki ni lake kulisema.

Alimkuta Bibiane uani akichambua samaki. Bibiane akamsogezea kigoda, lakini Emile hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: kiganja kilichokonda, maneno ya daktari, siri, mwanajeshi, na lile neno lake. Bibiane akamweka chini samaki aliyekuwa mkononi mwake.

"Shemeji," alisema mwishowe, "ile siku, alikuwa amekunywa?"

"Hakukunywa. Hata tone."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Emile alingoja atukanwe, afukuzwe, atemewe mate. Angeshukuru. Bibiane aliingia ndani, na kwa muda mrefu Emile alimsikia akilia na kulitaja jina la mumewe, akimwomba msamaha kana kwamba mwenye kosa ni yeye. Alipotoka alikuwa amefungua kitambaa cha kichwa na kuzifumua nywele zake zote. Akakaa kwenye kile kigoda, akampa Emile mgongo.

"Ninyoe," alisema. "Ni wewe utaninyoa."

Emile akafungua mfuko, akapaka sabuni, akashika wembe. Aliomba mkono utetemeke, hata mara moja, ili naye aonekane ameumia. Haukutetemeka. Ulimnyoa Bibiane kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, safi kabisa, bila kumkata popote.